Anachosikia Paka

Paka akikaa mbele ya magunia ya mahindi usiku, hatikisiki. Mkia umetulia, macho yameganda, ila masikio yana kazi: moja linageukia kulia, jingine linarudi nyuma, kisha yote mawili yanaelekea pembe moja ambako wewe huoni kitu wala husikii kitu. Huwa tunasema anavizia. Lakini kabla ya kuvizia anasikiliza, na anachokisikiliza kipo kweli. Sikio la kijana mwenye afya njema linaishia kwenye masafa ya kilohezi 20, yaani mitetemo 20,000 kwa sekunde, na umri ukisogea hata yale ya juu yanatutoka. Mbwa anafika 45 hivi. Paka anapita 60, na sauti ikiwa na nguvu anafika 85. Panya mdogo wa nyumbani anasikia hadi kukaribia 100, na maongezi yake mengi na wenzake yako huko huko juu. Ghala ambalo wewe unaapa limetulia, kwa paka ni soko la asubuhi.

Mimi niliingia kwenye mambo haya kupitia popo. Nina kinasa sauti kidogo, cha aina wanayotumia watu wanaofuatilia popo, kinachonasa masafa ya juu kabisa na kuyahifadhi kwenye kadi. Ukirudi nyumbani unaifungua sauti kwenye kompyuta, unaipunguza kasi mara kumi, na kilohezi 70 zinakuwa 7, ambazo sikio linazipata bila shida. Unaweza pia kuitazama, maana programu inaichora: muda unakwenda kulia, masafa yanapanda juu. Popo huchora mistari inayofanana, mmoja baada ya mwingine kwa mpangilio. Usiku mmoja nikaona kati yao mistari ya namna nyingine, imepinda, mingine inakatika na kuruka ghafla kutoka masafa haya hadi yale bila kupita katikati. Popo wa kwetu hawaandiki hivyo.

Tangu hapo nimesoma kila nilichokipata kuhusu sauti za panya, na kadiri ninavyosoma ndivyo jambo moja linavyonikaa kifuani. Karibu yote tunayoyajua tumeyapata kwa panya aliyefungiwa, tena wa koo (yaani nasaba) chache sana. Panya wa porini, na huyu wa majumbani mwetu, ndio kwanza ameanza kusikilizwa.

Sayansi ilianzia kwa watoto. Mwaka 1956 Hanna-Maria Zippelius na Wolfgang Schleidt walichapisha kwa Kijerumani taarifa fupi kwamba watoto wa panya hutoa milio ambayo binadamu hawezi kuisikia. Mtoto wa panya anazaliwa uchi, haoni, na matundu ya masikio yake yameziba. Yanafunguka akiwa na siku 12 hivi. Mwili wake hauwezi kujitunzia joto. Akiwa katikati ya ndugu zake kiotani yuko salama, ila akibingirika nje, au akiburutwa akiwa bado ameng'ang'ania chuchu ya mama anayetoka, anaanza kupoa mara moja. Hapo ndipo analia, mara nyingi kati ya kilohezi 50 na 80. Fikiria jambo hilo kidogo: analia kwa sauti ambayo yeye mwenyewe bado hana masikio ya kuisikia.

Anayeisikia ni mama. Günter Ehret, mwanasayansi wa Ujerumani aliyetumia miaka mingi kwa swali hili, alionyesha kwamba mama hafuati kila kelele. Sauti ikiwa na masafa na urefu wa mlio wa mtoto, anaikimbilia hata kama inatoka kwenye spika. Ikiwa nje ya mipaka hiyo, anaiacha. Mwaka 1987 Ehret akaongeza jambo lililowashangaza wengi: mama huutambua mlio wa mtoto vizuri zaidi kwa sikio la kulia, yaani kwa upande wa kushoto wa ubongo, ule ule ambao kwa watu wengi ndio unaoshughulikia lugha. Mwaka 2015 Bianca Marlin, Robert Froemke na wenzao huko New York wakaja na jingine. Jike ambaye hajawahi kuzaa kwa kawaida humpita mtoto anayelia kana kwamba hayupo. Walipompa homoni ya oksitosini, jike huyo alianza kuwabeba watoto wasio wake na kuwarudisha kiotani mapema kuliko wenzake wasiopewa, na chembe za ubongo wake za upande wa kushoto zinazoshughulikia sauti zikabadilika, zikaanza kuitikia mlio wa mtoto kama za mama mzazi.

Wapo waliouliza kama kile ni kilio kweli. Mark Blumberg na Jeffrey Alberts, wakiwachunguza watoto wa panya wa maabara wa aina kubwa, si huyu mdogo wa nyumbani, walidai kwamba mlio ule unaweza kuwa matokeo tu ya mwili uliopoa kujikaza: tumbo linabanwa, hewa inapita penye zoloto (kisanduku cha sauti kooni) iliyojifunga, sauti inatoka. Hoja yao ni nzito na ninaiheshimu. Ila naona haimalizi neno. Hata kikohozi cha mtoto mchanga hakikusudiwi kumwita mtu, na bado mama huamka.

Nimeshuhudia jambo hili mahali ambapo hapakuwa na maabara. Mama yangu mdogo anakaa kijijini huko Mvomero, mkoani Morogoro, na huhifadhi mahindi kwenye chumba cha nyuma, magunia juu ya mbao. Nilimwomba niache kinasa sauti changu humo.

"Hiyo mashine itawaua?" akaniuliza.

"Hapana mama, inawasikiliza tu."

"Haya mwanangu. Ila mimi ni wa kuwaua, hilo ulijue."

Asubuhi tukahamisha magunia ili apekue yaliyotobolewa, na kinasa sauti kilikuwa bado kinafanya kazi juu ya rafu. Nyuma ya gunia la tatu kulikuwa na kiota cha nyuzi za gunia la salfeti zilizochambuliwa laini kama pamba, na ndani yake watoto wekundu wasiozidi ukubwa wa harage. Gunia lilipoburutwa mmoja aliviringika hadi kwenye sakafu ya saruji. Tulisimama tukimtazama. Alikuwa akijinyonganyonga, mdomo ukifunguka na kufunga, na katika chumba kile hatukusikia lolote zaidi ya kuku wa nje. Kisha mama yake akatokea chini ya mbao, mchana kweupe, watu wawili wamesimama, akamshika mtoto kwa meno mgongoni na kupotea naye. Jioni nilipofungua sauti kwenye kompyuta niliikuta ile sehemu: mlio baada ya mlio, kila mmoja mfupi kuliko kupepesa jicho, umejipinda kidogo juu ya kilohezi 60, ukirudi na kurudi. Halafu ukakoma. Mama mdogo alitega mitego usiku ule ule, na sikumlaumu. Mahindi yale ndiyo chakula cha nyumba mpaka mavuno mengine.

Panya dume mzima ana mambo mengine. Tangu miaka ya 1970 watafiti walijua kwamba dume akikutana na jike, au hata akinusa tu mkojo wake, hutoa milio ya karibu na kilohezi 70. Mwaka 1983 ikaonekana kwamba jike akipewa nafasi ya kuchagua, hukaa zaidi karibu na dume mwenye sauti kuliko dume aliyenyamazishwa. Lakini ilipofika 2005 ndipo Timothy Holy na Zhongsheng Guo, wa Chuo Kikuu cha Washington kilichopo mjini St. Louis, walipozipanga sauti hizo na kukuta kwamba si milio ya ovyo. Kuna silabi za aina mbalimbali, zinafuatana kwa mpangilio, na mafungu yanarudiwa. Wakaziita nyimbo. Ukizishusha hadi kwenye masafa yetu, unasikia kitu kinachokaribia sana ndege.

Huko Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, kundi la Erich Jarvis likaonyesha mwaka 2015 kwamba dume hubadili wimbo kulingana na hali. Akinusa mkojo wa jike bila kumwona, anaimba wimbo wenye mizunguko mingi. Jike akiwa mbele yake, wimbo unakuwa mwepesi zaidi na mrefu. Na majike waliochezewa nyimbo za aina zote mbili walipendelea ule wenye mizunguko. Mwaka huo huo Joshua Neunuebel na wenzake walitega maikrofoni kadhaa kuzunguka kizimba ili wajue kila mlio umetoka kwa nani, wakagundua kwamba majike nao hujibu, hasa wanapokimbizwa na dume. Kwa miaka yote ya nyuma milio ile ilihesabiwa kuwa ya dume, kwa sababu maikrofoni moja haiwezi kusema nani amefungua mdomo.

Na namna yenyewe ya kuitoa sauti hiyo! Sisi tunatikisa nyuzi za sauti. Panya anapiga mluzi, ila mluzi wake uko ndani ya koo. Dalili ilipatikana mapema: ukimweka kwenye hewa iliyochanganywa na gesi nyepesi ya heliamu, masafa ya mlio yanapanda, jinsi inavyokuwa kwa filimbi, wakati nyuzi zinazotikisika zingebaki palepale. Mwaka 2016 Elena Mahrt, Christine Portfors, Coen Elemans na wenzao walipiga picha zoloto za panya kwa kamera ya kasi kubwa na kuona kwamba nyuzi hazitikisiki kabisa. Mkondo mwembamba wa hewa unarushwa ukagonga ukuta wa ndani wa zoloto, na mgongano huo ndio unaoimba.

Hapa ndipo watu wengi husisimka na kuuliza: je, panya anajifunza kuimba kama mtoto anavyojifunza kusema? Kundi la Jarvis lilisema mwaka 2012 kwamba kuna dalili. Madume wawili wa koo tofauti wakiwekwa pamoja mbele ya jike, sauti zao zilianza kukaribiana. Lakini Takefumi Kikusui na wenzake huko Japani walikuwa wamebadilishana watoto, wa ukoo huu wakalelewa na wazazi wa ukoo ule, na walipokua wakaimba wimbo wa ukoo waliozaliwa nao. Panya waliozaliwa viziwi nao walitoa milio ile ile ya wenzao wanaosikia. Kwa maoni yangu ushahidi unaelemea upande wa kurithi, na sioni kwamba hilo linaupunguzia wimbo thamani yake. Wengi wameitafuta lugha ya binadamu ndani ya panya, wakasahau kumuuliza panya ana shida gani za kwake.

Sasa turudi kwa huyo aliyefungiwa. Mwanzoni mwa karne ya 20, huko Granby, Massachusetts, mwanamke mmoja aitwaye Abbie Lathrop alikuwa akifuga panya wa kupendeza na kuwauza. Maabara zikawa wateja wake. Mwaka 1921 Clarence Little aliwapandisha panya wa kutoka kwake, jike namba 57 akiwemo, na kizazi chao kikawa ukoo unaoitwa C57BL, ambao mpaka leo tawi lake moja ndilo panya wa maabara anayetumika kuliko wote duniani. Ndiye ambaye, kati ya panya, jinomu yake (jumla ya jeni zake) ilisomwa kwanza na kutangazwa mwaka 2002. Vizazi kwa vizazi dada amepandishwa na kaka, mpaka wote wakawa kama pacha. Sasa mtu akiandika kwamba "panya huimba hivi", mara nyingi anamaanisha uzao wa jike yule.

Tena ukoo huu una kasoro ya jeni inayowafanya wapoteze usikivu mapema, na wanaanza kuupoteza kutoka masafa ya juu. Panya wa C57BL wa umri wa kati anaimba katika masafa ambayo wenzake wa kizimba kimoja wameanza kutoyasikia. Ongeza na kelele. Mwaka 1988 Gillian Sales na wenzake walipima sauti za juu ndani ya vyumba vya wanyama wa maabara, wakakuta vifaa vya kawaida, kama skrini za kompyuta na bomba la maji linalotiririka, vinamwaga kelele katika masafa ambayo wafanyakazi hawayasikii hata kidogo. Mtu anaingia anasema chumba kimetulia, anaandika matokeo. Sisemi matokeo hayo ni ya kutupa. Milio ya watoto wa panya imesaidia sana watafiti wa usonji na wa jeni ya FOXP2, ile ambayo ikiharibika kwa binadamu huleta shida ya kusema. Ninachosema ni kwamba mnyama huyo amekaa mbali na panya mwenye paka mlangoni, bundi darini na baridi ya usiku.

Huko Vienna, Dustin Penn, Kerstin Musolf, Frauke Hoffmann na wenzao walianza upya na panya wa nyumbani waliotokana na wale wa mwituni. Wakakuta kila dume ana sahihi yake katika wimbo. Wakakuta pia kwamba jike anaweza kutofautisha nyimbo za kaka zake na za madume wasio ndugu, na anavutwa zaidi na wasio ndugu, kwa kusikia tu. Hili kwenye ukoo wa maabara lisingeonekana hata siku moja, maana pale kila dume ni kaka. Baadaye, mwaka 2020, kundi hilo likaonyesha kwamba milio ya jozi inapokutana inahusiana na uzazi wao wa baadaye.

Wengine wametoka kabisa nje. Matina Kalcounis-Rueppell alitega maikrofoni usiku kwenye msitu wa California na mwaka 2006 akachapisha ushahidi wa panya wa jenasi Peromyscus wakiongea kwa masafa ya juu wakiwa huru, bila kizimba. Mmoja wao, panya wa California, huishi dume na jike wake mmoja, wakilea pamoja, na milio yake mirefu iko karibu na kilohezi 20, chini kuliko ya panya wa nyumbani. Inaeleweka. Sauti ya juu sana humezwa na hewa upesi, haivuki majani wala ukuta. Inafaa kwa maongezi ya karibu, pua kwa pua. Ya chini inakwenda mbali zaidi. Na katika misitu ya ukungu ya Costa Rica na Panama kuna panya anayesimama kwa miguu ya nyuma na kuimba mpaka mtu aliye karibu akamsikia. Madume wawili hupokezana, mmoja akimaliza mwingine anaanza, bila kuingiliana.

Kuna wanaotaka kuitumia elimu hii kufukuza panya. Dukani mjini nilionyeshwa kiboksi cha kuchomeka kwenye soketi. "Kaka, hiki kinatoa sauti panya hawaivumilii, wanahama wenyewe." Muuzaji alikuwa na nia njema, na boksi lilisema hivyo hivyo. Lakini sauti ya juu inazuiwa na gunia, kabati na ukuta, na panya anayeisikia kila siku bila kudhurika huizoea. Mwaka 2001 tume ya serikali ya Marekani inayosimamia biashara iliwaandikia watengenezaji na wauzaji zaidi ya 60 wa vifaa hivi, ikiwaonya kwamba madai yao lazima yawe na ushahidi wa kisayansi. Anayeuza mahindi kwa debe na kusomesha watoto kwa hela hiyo hapaswi kupoteza fedha hapo. Mapipa yenye mfuniko na ghala lililoziba matundu vinamsaidia zaidi.

Ninachokitamani kiko karibu. Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kuna watu ambao kwa miongo kadhaa wamekuwa wakimfuatilia panya shamba, yule wa chuchu nyingi: wanamkamata, wanamtia alama, wanamwachia, wanamkamata tena. Kazi yao imeonyesha jinsi mvua zinavyoamua mwaka upi panya watafurika mashambani. Panya ambaye umri wake, uzito wake na mahali pake vinajulikana, tena akiwa huru shambani, ndiye ambaye mtafiti wa sauti yeyote angemwota. Natamani kusikia mashamba yale yakinaswa usiku, mwaka wa panya wachache na mwaka wa mafuriko ya panya, tulinganishe.

Wewe unayesoma unaweza kuanza hata nyumbani. Kinasa sauti kiweze kuchukua sampuli 250,000 kwa sekunde au zaidi, simu haiwezi. Kiweke karibu, ndani ya mita moja au mbili ya njia yao, usikielekeze ukutani, na zima taa na chaja zilizo jirani kwa sababu nyingi zinapiga kelele huko juu. Nyenje na wadudu wengine watajaza sehemu ya chini ya picha, mstari mnene usiokatika. Popo akipita utaona mapigo yanayolingana. Mistari ikipanda, ikijipinda, ikiruka juu ya kilohezi 50 bila kufuata mapigo, punguza kasi mara kumi na uvae spika za masikioni.